Mshike Mbavu: Namna ya Kujua Kama Mbwa Wako Kanenepa, Kakonda au Yuko Sawa

Kazi yangu ni kuosha na kunyoa mbwa. Kwa siku mikono yangu hupita juu ya mbwa sita, saba, siku nyingine kumi, wa kila umbo na kila tabia, na wote wakiwa wamelowa chapachapa, yaani hawana pa kuficha kitu. Ungedhani mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa kuuona unene wa mbwa wake mwenyewe. Mimi nilishindwa mwaka mzima.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu. Alikuwa amekaa mbali miezi mingi, akaja kunisalimia. Hata begi hajaliweka chini, kasema, "Shikamoo shangazi," nikaitikia marahaba, kisha akamtazama Shaba aliyekuwa amejilaza mlangoni. "Shangazi, huyu anazaa lini?"

Shaba ni dume.

Wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo mwenyeji apone. Mbwa unayeamka naye na kulala naye, hakuna siku utakayomwona amebadilika. Gramu 100 kwa wiki ni kitu gani? Hakuna jicho linaloiona. Lakini ukiijumlisha wiki 52 unapata kilo 5 na zaidi, na Shaba alikuwa amezibeba zote mgongoni kwake huku mimi nikimwambia kila mtu kwamba "manyoya yake ni mengi tu". Halafu nilipomvua ukanda wa shingoni siku ile nikaona alama mbili za matundu ya zamani. Nilikuwa nimeulegeza mara mbili, kwa mikono yangu hii, wala sikujiuliza kwa nini.

Tangu hapo sina imani na macho. Kwanza mkono, kisha macho, mizani mwisho. Wengi huanza na mizani, na ndiyo maana huishia kubishana.

Mkono

Mbwa asimame kwa miguu yote minne. Asikae, asilale, na asiwe ametoka kula sasa hivi. Piga goti nyuma yake, uso wako ukielekea alikoelekea yeye. Weka vidole gumba viwili juu ya uti wa mgongo, katikati ya mgongo, na vidole vingine uvitandaze vishuke mbavuni, kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kuinua kikapu kipana. Sasa vitelezeshe mbele na nyuma, polepole.

Usibonyeze. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Wanabonyeza mpaka wanagonga mfupa, halafu wanakuambia, "Mbona mbavu nazisikia!" Ukibonyeza vya kutosha utazisikia hata mbavu za kiboko. Nguvu inayotakiwa ni ile unayotumia kupapasa kitambaa ujue kama ni pamba au hariri. Kama kwa nguvu hiyo unaweza kuzihesabu mbavu moja moja, zimefunikwa na utando mwembamba tu wa mafuta, mbwa yuko mahali pazuri.

Vidole vyako vikiwa bado havijazoea, mkono wako mwenyewe ndio kipimo. Nyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama chini. Kwa vidole vya mkono wa kulia, papasa mgongo wa kiganja hicho, karibu na vinapoanzia vidole. Unasikia mifupa myembamba chini ya ngozi, mmoja baada ya mwingine, bila kuitafuta. Mbavu za mbwa mwenye uzito unaomfaa husikika hivyo. Sasa kunja ngumi, upapase vifundo vilivyochomoza. Mbavu zikisikika namna hii, amekonda. Kisha ikunjue ngumi, geuza kiganja juu, papasa ule mnofu ulio chini ya kidole gumba. Mfupa umo, lakini mpaka uutafute. Mbavu zikiwa hivyo, amenenepa.

Fanya hivyo sasa hivi, mkono wako unao. Kisha nenda kwa mbwa, rudi kwenye mkono, nenda tena kwa mbwa. Wateja wangu huona haya kidogo nikiwaambia wafanye hivi mbele ya watu, lakini baada ya mara tatu hawahitaji tena kuulizia kwangu.

Upapase wapi hasa? Nyuma ya kiwiko, kuanzia katikati ya mbavu hadi ubavu wa mwisho. Mbele zaidi, karibu na bega, kuna misuli minene ambayo hata mbwa mwembamba anayo, na ukipima hapo utamwonea. Jihadhari pia na ngozi. Wapo mbwa wenye ngozi pana inayotembea, na mtu akiikamata anadhani ameshika mafuta. Ngozi ukiivuta huja yote kwenye vidole, nyepesi. Mafuta hayaji. Hubaki yamekaa pale, mazito, kama sifongo iliyolowa maji.

Ukimaliza mbavu, endelea nyuma. Pitisha kidole juu ya uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni, kisha kwenye shina la mkia. Mafuta hupenda sana kujikusanya hapo kwenye shina la mkia, yakafanya kimto. Kwa Shaba kimto hicho kilikuwepo na mimi nilikuwa nakikuna kila jioni, yeye akifurahi, mimi nikifurahi.

Kama mbwa wako ana manyoya marefu, usipime akiwa mkavu. Nimewaona mbwa wanaoingia kwangu kama mpira na kutoka chini ya bomba kama mti wa mwavuli, mbavu zote nje, na mwenyewe hana habari. Nimeona na kinyume chake. Siku ya kumwogesha ndiyo siku ya kumpima. Kama humwogeshi nyumbani, tenganisha manyoya kwa vidole mpaka uguse ngozi, ndipo uanze kupapasa.

Macho

Kuna mahali pawili pa kumtazamia: kutoka juu na kutoka ubavuni.

Simama juu yake akiwa amesimama wima, kichwa mbele. Akigeuza shingo kukutazama, na mgongo unapinda, hesabu inaharibika, kwa hiyo mtafutie mtu wa kumwita kwa mbele. Nyuma ya ubavu wa mwisho mwili unapaswa kuingia ndani, kisha utanuke tena kwenye nyonga. Yaani mbwa awe na kiuno, kama kibuyu. Kiuno kikiwa kimeingia mno, na mifupa ya nyonga imetokeza kama pembe, hana akiba. Kama ubavu umenyooka kutoka mabegani hadi nyonga, au umetuna nje, huyo ni pipa.

Kisha chutama ubavuni kwake, macho yako yawe usawa wa tumbo lake. Mstari wa tumbo unapaswa kupanda kadiri unavyotoka kifuani kwenda kwenye mapaja. Kama unakwenda sawa na ardhi, au unashuka, kuna jambo. Baadhi ya mbwa, hasa majike waliozaa na wazee, wana ngozi iliyolegea inayoning'inia karibu na paja. Hiyo ishike: ikiwa nyembamba ni ngozi, haina neno.

Mpige picha. Simu unayo. Picha moja kutoka juu, moja kutoka ubavuni, mahali palepale, kila mwezi. Picha ya leo haitakuambia mengi, lakini ya leo ikiwekwa karibu na ya miezi sita iliyopita itakusema kama mpwa wangu alivyonisema mimi.

Namba kutoka 1 hadi 9

Madaktari wa wanyama hawasemi "mnono kidogo" au "amejaa jaa". Wana kipimo cha hali ya mwili, ambacho kimekuwa kikitumika sana tangu miaka ya 1990, kinachoanza na 1 na kuishia 9. Wapo wanaotumia kile cha 1 hadi 5, basi ukipewa namba uliza ni ya kipimo kipi, maana 5 ya kimoja ni afya njema na 5 ya kingine ni balaa.

Kwenye kile cha 9, mbwa wa 4 au 5 ndiye tunayemtaka: mbavu zinasikika bila taabu, kiuno kipo, tumbo linapanda. Kwa 3 mbavu zinaonekana kwa macho na ncha za mifupa ya mgongo zinaanza kujitokeza. 1 ni mifupa na ngozi, unamwona kwa mbali ukasikitika. Upande wa pili, 6 bado ana kiuno lakini si cha kujivunia. 7 mbavu unazipata kwa kuzitafuta, kiuno hakionekani vizuri, na kuna mafuta kiunoni na kwenye shina la mkia. 8 mpaka ubonyeze kwa nguvu. 9 ana mafuta hadi shingoni na miguuni, na tumbo limeshuka.

Faida ya namba hizi ni kwamba zinageuka kilo. Kila hatua moja juu ya 5 ni takriban asilimia 10 ya uzito uliozidi, wengine huhesabu hadi 15. Shaba nilimpa 7. Mizani ilisema kilo 31.2. Hatua mbili ni asilimia 20, kwa hiyo nikagawanya 31.2 kwa 1.2 nikapata 26. Hapo ndipo nilipojua ninakokwenda. Ni makadirio, na mkono ndio utakaosema kama umefika, lakini ni bora kuliko kuanza safari bila kujua mji.

Neno moja kuhusu kujipigia alama mwenyewe: utampendelea. Sote tunapendelea. Siku ya kwanza mpe namba wewe, kisha mpe mtu mwingine nafasi ampapase bila kumwambia umeandika ngapi. Mimi nilimpa Shaba 6. Mwenzangu wa kazini alimpa 7, akaniangalia, nikafuta.

Mizani

Huwa naulizwa, "Mbwa wa aina hii anatakiwa awe na kilo ngapi?" Ni swali la kawaida, lakini jibu lake halikusaidii sana. Majedwali ya uzito wa kila aina yapo, na tofauti kati ya kima cha chini na cha juu inaweza kuwa kilo nyingi, kwa sababu Labrador jike mwenye mifupa myembamba na Labrador dume kipande cha mtu si mwili mmoja. Na kama mbwa wako ni mchanganyiko wa hiki na kile, jedwali litakuambia nini?

Mizani ina kazi moja, nayo huifanya vizuri sana: kulinganisha mbwa wako na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mbwa mdogo mbebe, panda naye kwenye mizani ya watu, kisha jipime peke yako, toa. Mbwa mkubwa usijivunje mgongo. Kliniki nyingi za wanyama zina mizani ya chini anayopanda mwenyewe, na wengi hawakukatazi kupita kupima tu. Tumia mizani ileile kila mara, saa ileile, kabla hajala. Mizani mbili tofauti zitakupa kilo mbili tofauti na ugomvi wa bure nyumbani.

Kwa mbwa mdogo, usidharau kidogo. Nusu kilo kwa mbwa wa kilo 5 ni asilimia 10. Ni kama mtu wa kilo 70 kuongezeka kilo 7. Mizani ya watu inayoruka kwa nusu kilo haimfai mbwa wa namna hii. Wenye mizani ya watoto wachanga hapo ndipo inapofaa.

Kila mwezi mara moja inatosha kwa mbwa mzima asiye na tatizo. Anayepunguzwa, kila wiki au mbili.

Wale wanaochanganya mkono

Sasa tufike kwenye utata.

Greyhound na ndugu zake wa mbio wameumbwa kwa mifupa. Mbavu mbili tatu za nyuma kuonekana, na mifupa ya nyonga kuchungulia, kwao ni kawaida. Mtu akimlisha Greyhound mpaka afanane na mbwa wa jirani, amemnenepesha. Bulldog ni kinyume, ana kifua kipana na mwili mfupi, kiuno chake hakitakuwa kama cha wengine hata akiwa sawa kabisa, kwa hiyo kwake sikiliza mbavu zaidi kuliko macho. Dachshund yeye ana mgongo mrefu wenye historia ya matatizo ya uti wa mgongo, na kila kilo ya ziada ni mzigo kwenye kamba iliyotandazwa. Kwake mimi ni mkali kuliko kwa wengine.

Kwa Labrador, kuna jambo watu hawalijui. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni moja inayohusika na kumwambia mbwa kwamba ameshiba. Basi mwenye Labrador akiniambia "huyu hashibi", namwamini. Ila kutoshiba si ushahidi kwamba ana njaa, na macho yale ya kuomba usiyatumie kama kipimo cha uzito.

Mbwa aliyehasiwa, dume au jike, mahitaji yake ya chakula hupungua huku hamu ya kula ikipanda. Mwenye mbwa huendelea na bakuli lilelile, na baada ya miezi michache ananiambia kwamba operesheni "ilimnenepesha". Mpapase kila wiki mbili katika miezi ile ya mwanzo, na punguza chakula mapema kabla hujaona kitu.

Watoto wa mbwa wana vitambi baada ya kula, hilo halina neno. Lakini mtoto mwenye tumbo kubwa muda wote, huku mbavu na mgongo vimetokeza na manyoya hayana nuru, fikiria minyoo kabla hujafikiria chakula. Na wale wa aina kubwa, usiwakimbize kunenepa. Mbwa mkubwa huendelea kukua hadi mwaka mmoja na nusu au miaka miwili, na mifupa laini iliyobebeshwa uzito mapema huja kudai kwenye nyonga na viwiko.

Wazee ndio wanaonisumbua zaidi. Mbwa mzee anaweza kupoteza misuli na kuongeza mafuta kwa wakati mmoja, mizani ikabaki palepale, ikasema hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kwa mzee papasa vitu viwili, kila kimoja peke yake. Mafuta yapime mbavuni. Misuli ipime kando ya uti wa mgongo, juu ya mifupa ya mabega, kwenye mapaja ya nyuma na juu ya fuvu, pale utosini. Ukikuta mabonde mahali palipokuwa pamejaa, msuli unaondoka, hata kama tumbo bado ni la mzee wa kijiji. Huyu usimpunguzie chakula kwa kichwa chako, mpeleke kwa daktari.

Tumbo kubwa si unene kila mara. Hili naomba ulishike. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka, alimleta mbwa wake mdogo akilalamika kwamba amemkata chakula wiki tatu na kitambi kinazidi tu. Nilipomlowesha nikapapasa: mbavu zote nilizihesabu, mgongo mkali kama msumeno, lakini tumbo limejaa na limekaza. Mafuta hayachagui mahali pamoja hivyo, yakija tumboni yatakuwa yameshapita mbavuni na mgongoni. Nikamwambia, "Mama, leo simnyoi. Mpeleke sasa hivi." Yalikuwa maji, moyo ulikuwa umechoka. Tumbo linalokua huku mgongo unakonda linaweza kuwa maji, minyoo, uvimbe, tatizo la homoni, au kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, mimba au usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Na tumbo linalovimba ghafla, ndani ya saa chache, mbwa akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hilo ni la kukimbia naye usiku huohuo.

Akiwa mwembamba mno

Nimesema mengi kuhusu unene kwa sababu ndio ninaokutana nao. Mwembamba ana maswali machache. Je, amekuwa hivyo siku zote, mchangamfu, anakula, msuli umejaa? Huenda ndilo umbile lake. Je, amepungua bila wewe kumpunguzia? Akipungua asilimia 10 ya uzito wake bila sababu unayoijua, hiyo ni habari ya daktari, si ya kuongeza bakuli. Anakula sana na bado anakonda? Anakunywa maji kuliko zamani? Anatafuna kwa upande mmoja? Sema hayo yote ukifika, kwa sababu kisukari, figo, minyoo na meno mabovu kila kimoja kina dalili zake, na daktari hawezi kuziona zote kwa dakika kumi mezani.

Dalili za pembeni

Kuna vitu ninavyoviona kazini kabla sijagusa mbavu. Mbwa mwenye uchafu chini ya mkia ambao zamani alikuwa anajisafisha mwenyewe: hafiki tena. Wekundu na harufu kwenye mikunjo ya ngozi. Kuhema kwa sauti akiwa amesimama tu. Kusita mbele ya ngazi, au kungoja anyanyuliwe kwenye gari aliyokuwa akiirukia. Hili la mwisho linaweza pia kuwa viungo vinauma, na mara nyingi ni yote mawili, kwa sababu uzito huumiza viungo na viungo vinavyouma humfanya asitembee, akanenepa zaidi.

Na kama unadhani kilo mbili tatu hazina madhara, kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ulikuwa na subira. Labrador 48, waliopangwa wawiliwawili, wakafuatwa maisha yao yote. Katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Matokeo yalitoka mwaka 2002: nusu ya waliokula kidogo walifikisha miaka 13, ilhali kwa wenzao nusu walikuwa wameshakufa walipofika miaka 11 na kidogo. Na matatizo ya viungo yaliwachelewa wale waliokula kidogo. Wale waliokula zaidi hawakuwa mapipa. Wengi wao ungewaona njiani ukasema mbwa huyu katunzwa. Kwa wastani walikuwa kati ya 6 na 7, kama Shaba wangu.

Ukishajua namba yake

Akiwa 4 au 5, mwache. Endelea kumpapasa.

Akiwa 6 au zaidi, kwanza daktari amwangalie, hasa kama amenenepa bila kula zaidi, amekuwa mzito wa mwendo na manyoya yananyonyoka, kwa kuwa tezi ya shingoni ikilegea huleta picha hiyohiyo. Akisema ni chakula, basi ni chakula. Na hapo fanya uchunguzi wa nyumba. Mimi nilikuwa nampa Shaba asubuhi na jioni, kwa kipimo. Mama yangu alikuwa akimpa "kidogo tu" mchana kwa huruma. Mtoto wa jirani alikuwa akigawana naye kila alichotafuna ukutani. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba yeye si tatizo. Tukaweka chombo kimoja chenye mfuniko: asubuhi chakula cha siku nzima kinapimwa kinawekwa humo, na yeyote anayetaka kumpa anachota humohumo. Kikiisha kimeisha. Mama aliniita mkatili kwa wiki mbili.

Pima kwa mizani ya jikoni, kwa gramu. Kikombe ni kigeugeu. Nilimwambia mpwa wangu achote kikombe kimoja, nami nikachota, tukapima vyote viwili, na tofauti yetu ilitosha kumlisha mbwa mdogo. Vya kuonja na zawadi za mafunzo visizidi asilimia 10 ya chakula chote cha siku, na viwe ndani ya hesabu.

Mwendo wa kupungua ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa mbwa wa kilo 31 ni kama gramu 300 hadi 600. Akipungua haraka kuliko hapo anakula msuli wake. Shaba alikwenda polepole, karibu ile asilimia 1, na katikati alikwama wiki tatu nzima bila kushuka hata gramu, nikapunguza tena kidogo, akaendelea. Ilichukua miezi mitano na siku kadhaa.

Nyuma ya mlango wa chumba changu cha kazi kuna karatasi yenye safu tatu: tarehe, kilo, namba ya mkono. Mstari wa kwanza unasoma 31.2 na 7, na ile 6 niliyoifuta bado inaonekana chini ya wino. Wa mwisho, wa Ijumaa iliyopita baada ya kumwogesha, 26.3 na 5. Ukanda wa shingoni umerudi tundu la kwanza.